Chennai kituo kwa kituo: kutoka uwanja wa ndege hadi treni ya Katpadi

Tiketi ya treni iliyoandikwa MAS huondokea Chennai Central. Iliyoandikwa MS huondokea Egmore, kilomita mbili na kitu kutoka hapo. Iliyoandikwa TBM huondokea Tambaram, kusini kupita uwanja wa ndege, na kama uko katikati ya mji umebakiwa na nusu saa, hiyo treni ihesabu imekwenda. Wengi wanaoachwa na treni Chennai hawakuchelewa kutoka hotelini. Walikaa wakisubiri kwenye stesheni isiyo yao. Mabasi nayo yana tabia hiyohiyo. Kwa hiyo hapa tunakwenda kituo kwa kituo, kutoka uwanja wa ndege wa Chennai, India, hadi treni ya Katpadi, stesheni ya wanaokwenda hospitali ya Vellore.

Kabla ya kupanda ndege

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda huomba viza ya kielektroniki kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Andika anwani hiyo kwa mkono wako. Ukiitafuta kwa maneno, tovuti za mawakala zinazofanana nayo huja juu, na bei yao si hiyo ya serikali. Anayekwenda kutibiwa achukue viza ya matibabu, na anayemsindikiza achukue ya msindikizaji. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Viza ya matibabu ya kielektroniki ni ya siku 60 na inaruhusu kuingia mara tatu. Ukienda na ya utalii ili kuokoa muda, maswali yataanzia kwenye dirisha la wagonjwa wa kigeni hospitalini, na daktari akiongeza wiki mbili za uangalizi ndipo utakapokwama.

Ndani ya saa 72 kabla ya kufika, jaza kadi ya kuwasili mtandaoni. Haina malipo. Cheti cha homa ya manjano kiwe kimepita siku 10 tangu uchanjwe. Mkenya, Mganda, Mrundi na Mkongomani wataulizwa cheti hicho, na Mtanzania aliyepitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa naye akiweke karibu na pasipoti. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na hapo miadi ya hospitali imeshaota mbawa.

Ndege zinazofika Chennai bila kupita mji mwingine wa India hupitia Addis Ababa, Dubai, Doha, Abu Dhabi au Muscat. Njia ya Mumbai mara nyingi ni rahisi kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi, lakini ina kazi yake: uhamiaji unafanyika Mumbai, mzigo unauchukua Mumbai, unapita forodha, kisha unauingiza tena kwenye ndege ya ndani. Ndege ya ndani ikiwa inaondokea jengo la 1 na wewe umeshukia la 2, kuna mwendo wa gari wa kilomita kadhaa kati ya majengo hayo, kwenye foleni za Mumbai. Acha saa 4 kwa uchache.

Noti zenye thamani ya zaidi ya dola 5,000 lazima uzitangaze forodhani kwa fomu. Wengi wanaobeba fedha za matibabu taslimu hupita kimya kisha hupata taabu. Fomu hiyo ni ya dakika 10, na nakala yake itunze hadi siku ya kurudi.

Kuhusu majira: upepo wa kaskazi, ule unaotuletea jua na ukavu pwani yetu, kwa Chennai ni upepo wa mvua. Huko hupita juu ya Ghuba ya Bengal, hunyonya maji, na kuyamwaga pwani ya Coromandel kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mafuriko ya Desemba 2015 yalifunga uwanja wa ndege kwa siku kadhaa, na tarehe 4 Desemba 2023 kimbunga Michaung kiliufunga tena. Mwezi Mei joto hupita nyuzi 40, na jasho la huko ni kama la Dar mwezi wa Februari, ila mara mbili. Mwenye uhuru wa kuchagua aende Januari au Februari.

Soketi za huko ni za pini tatu za duara, kwa hiyo chaja ya pini za bapa itahitaji kiunganishi. Saa za Chennai ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayosahaulika.

Kutoka uwanjani

Kwenye ukumbi wa kuwasili badilisha dola chache tu, za kukutosha usafiri, chakula na laini ya simu. Viwango vya mjini ni vizuri zaidi. Mashine nyingi za kutolea fedha hutoa hadi rupia 10,000 kwa mara moja. Chukua na uvunje noti za 500 mapema, maana dereva wa bajaji hana chenji, au anayo lakini hataki uijue. Laini ya simu inahitaji pasipoti, viza, picha na anwani ya unakofikia, na inaweza kuchukua saa kadhaa kuwaka. Usipange kuita gari kwa programu dakika ile ile uliyoinunua.

Njia za kuingia mjini ni nne:

Metro. Stesheni iko ndani ya eneo la uwanja. Ni laini ya buluu, inapita Alandur, Guindy, Saidapet, Thousand Lights hadi Central na kuendelea kaskazini mpaka Wimco Nagar. Nauli ya metro kwa safari yoyote ni kati ya rupia 10 na 50. Inaanza kama saa 11 alfajiri na kufunga kama saa 5 usiku.

Treni ya mji. Stesheni ya Tirusulam iko ng'ambo ya barabara kuu, unavuka kwa njia ya chini. Nauli hadi Egmore haizidi rupia 10. Kwa mwenye begi moja ni safari nzuri. Kwa mwenye masanduku mawili na mgonjwa, hapana.

Teksi ya kulipia kabla. Unalipa kwenye kibanda, unapewa karatasi yenye namba ya gari. Karatasi hiyo dereva anaihitaji ili alipwe, basi mpe ukishashuka, siyo mwanzo wa safari.

Gari la programu. Hayasimami mlangoni, unayafuata kwenye jengo la maegesho ya ghorofa. Mgeni husimama nje ya mlango, dereva anasubiri maegeshoni, wanapigiana simu kwa lugha mbili tofauti, na safari inafutwa. Nenda maegeshoni kwanza, kisha ita.

Lala karibu na reli

Ramani itakushawishi ulale karibu na bahari. Kama safari yako ni ya shughuli, pinga ushawishi huo. Chennai imejipanga kufuata reli na barabara zinazokwenda kusini na magharibi, na awamu ya pili ya metro, kilomita 118.9, imechimbua mitaa mingi. Kilomita 6 za gari saa 12 jioni zinaweza kula saa nzima, wakati treni ikizipita kwa dakika 12.

Anayetibiwa hospitali ya Greams Road alale mahali pa kutembea kwa miguu hadi hospitalini, au karibu na stesheni ya Thousand Lights, ambayo pia inampeleka uwanjani bila kubadilisha treni. Mwenye safari za kusini alale Egmore. Mwenye ndege ya alfajiri alale Guindy, Alandur au Meenambakkam. Nyumba za kupanga karibu na hospitali ni nafuu na zina jiko, jambo la maana kwa familia inayokaa mwezi, lakini muulize mwenye nyumba swali moja kabla ya kulipa: je, ataniandikisha kwa fomu ya wageni, Form C? Sheria inamtaka afanye hivyo ndani ya saa 24. Asipofanya, siku utakayohitaji kuongeza viza kwenye ofisi ya uandikishaji wa wageni, Shastri Bhavan, Haddows Road, utaonekana huna makazi.

Metro na treni za mji

Metro ina laini mbili zinazokutana sehemu mbili: Central na Alandur. Ya buluu nimeitaja. Ya kijani hutoka Central, ikapita Egmore, Anna Nagar, Koyambedu na Vadapalani, hadi St Thomas Mount. Nunua tiketi ya msimbo wa kuchanganua kwa simu au kadi ya kuweka fedha. Zote zina punguzo kuliko tiketi ya dirishani. Mizigo hupitishwa kwenye mashine. Kuna lifti kila stesheni, na kwa mgonjwa wa kiti cha magurudumu hakuna usafiri wa umma bora kuliko huu mjini.

Treni za mji ni kongwe, za bei ya maji, na zinajaa. Laini ya kusini hutoka Chennai Beach kupita Egmore, Mambalam, Guindy, Tirusulam na Tambaram hadi Chengalpattu. Tiketi huanzia rupia 5, na asiye nayo hulipa faini ya rupia 250 juu ya nauli, mgeni au mwenyeji. Epuka saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Mabehewa ya wanawake yameandikwa, na mwanamume akiingia kwa bahati mbaya atashushwa kwa kelele. Angalia pia ubao kama treni ni ya haraka: hiyo huruka vituo, na Tirusulam inaweza kuwa miongoni mwake. Laini nyingine, iliyojengwa juu ya nguzo, hutoka Beach kwenda Velachery. Ukishukia Chepauk unatembea hadi ufukwe wa Marina, ukishukia Thirumayilai uko mtaa wa Mylapore.

Sasa hilo jina "Central". Likitajwa, linaweza kumaanisha mojawapo ya hivi:

Jengo jekundu lenye mnara wa saa, la mwaka 1873, ni la treni za mbali. Ubavuni mwake kuna Moore Market Complex, ya treni za mji ziendazo kaskazini Gummidipoondi na magharibi Arakkonam. Ng'ambo ya barabara kuna Park, ambako treni za laini ya kusini husimama. Nyuma ya Park kuna Park Town, ya ile laini ya Velachery. Na chini ya ardhi kuna metro, ambayo jina lake rasmi ni refu kuliko ubao wake. Anayetoka Tambaram kwa treni ya mji kuwahi treni ya Mumbai anashuka Park, anavuka kwa njia ya chini ya barabara, anaingia Central. Ukiwa na mizigo hesabu dakika 15 za kuvuka, 20 kama mvua imenyesha.

Bajaji

Huko huitwa "auto" tu. Mita ipo. Serikali ya jimbo iliweka mwaka 2013 rupia 25 kwa kilomita 1.8 za kwanza na 12 kwa kila kilomita inayofuata, na nusu zaidi kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Madereva hawaiwashi kwa kiwango hicho cha zamani, na ukikaza kamba utabaki kando ya barabara. Njia ya amani ni kufungua programu, kuona bei inayotajwa, na kuichukulia kama kipimo hata ukipatana mtaani. Ukiita kwa programu, dereva atakuuliza tarakimu nne zilizo kwenye simu yako. Mpe ukishakaa ndani, siyo kabla.

Mwite "anna", yaani kaka. Mwanamke mtu mzima ni "akka". Usihangaike na Kihindi ulichookota kwenye filamu. Watu wa Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai, wanajivunia Kitamil chao, na Kiingereza kidogo kitakufikisha mbali zaidi. Maneno manne yanatosha kuanzia: "evvalavu" ni bei gani, "vendam" sitaki, "podhum" inatosha, "nandri" asante. La tatu lina kazi pia mezani, pale wanapokumwagia wali na sambar, mchuzi wa dengu, juu ya jani la mgomba bila kuuliza.

Kwenda Vellore kwa treni

Hii ndiyo safari inayowachanganya wengi, kwa sababu hospitali ya Christian Medical College iko Vellore, lakini stesheni unayoitaka inaitwa Katpadi, msimbo KPD. Ipo nyingine inayoitwa Vellore Cantonment, iko kwenye laini ya pembeni, na treni kubwa za kutoka Chennai hazipiti hapo. Katpadi iko kama kilomita 130 kutoka Chennai, kwenye njia kuu ya Bengaluru.

1. Fungua akaunti ya IRCTC, tovuti ya kukatia tiketi za reli ya India, kwa barua pepe na namba yako ya kigeni wiki mbili kabla ya safari. Usajili wa namba ya nje una ada ndogo, na uthibitisho huchelewa. Ukishindwa, nenda na pasipoti kwenye jengo la kukatia tiketi kando ya Central, uulize dirisha la wageni.

2. Tafuta MAS kwenda KPD. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Chagua CC, yaani kiti ndani ya behewa la kiyoyozi. Kwa saa mbili huhitaji kitanda.

3. Soma hali ya tiketi. CNF maana yake una kiti. RAC maana yake utaingia, lakini kitanda kimoja mnakaa wawili. WL ni orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni ikibaki WL hadi orodha ya mwisho inapotoka, hujifuta yenyewe na fedha kurudi. Usipande nayo.

4. Soma saa kwa makini. Reli ya India hutumia saa 24. Treni ya haraka ya Vande Bharat iendayo Mysuru, inayoondoka 05:50, ni saa 11 na dakika 50 alfajiri kwetu. Aliyezoea kusoma "saa" kwa Kiswahili akiwa na usingizi anaweza kufika mchana. Na treni ya 00:15 ya tarehe 15, stesheni unakwenda usiku wa tarehe 14.

5. Fika dakika 45 kabla. Central ni mwisho wa reli, majukwaa yote yako usawa mmoja, hakuna ngazi, na ndiyo maana ni rafiki kwa mgonjwa kuliko Egmore yenye madaraja. Bango la umeme linaonyesha behewa lako litasimama wapi: C1, C2 na kuendelea kwa viti, B kwa vitanda vya tabaka tatu, A kwa tabaka mbili, S kwa vitanda visivyo na kiyoyozi.

6. Kaa na pasipoti halisi. Mkaguzi hapokei picha ya simu kutoka kwa mgeni.

7. Weka kengele ya simu dakika 20 kabla ya Katpadi. Treni husimama dakika chache tu na tangazo huenda usilisikie. Nje kuna bajaji na mabasi ya kwenda hospitali, kilomita 7 au 8.

Kwa safari za usiku za mbali zaidi, mgonjwa aombe kitanda cha chini, LB. Cha kati, MB, hukunjwa mchana na hufunguliwa saa 4 usiku, kwa hiyo anayetaka kulala mapema juu ya kitanda cha chini atasubiri hadi wenzake wakubali.

Mabasi

Ndani ya mji mwanamke hapandi kwa nauli kwenye mabasi ya kawaida. Tangu Mei 2021 ni bure, na kondakta hutoa tiketi ya sifuri. Mabasi hayo yamepakwa waridi mbele. Viti vya upande wa kushoto ni vya wanawake.

Mabasi ya mikoani yamehamahama. Ya kwenda kusini, Trichy, Madurai na kuendelea, tangu tarehe 30 Desemba 2023 huondokea Kilambakkam, karibu na Vandalur, siyo Koyambedu. Watu wengi, hata madereva wa bajaji, bado wanasema Koyambedu kwa mazoea. Kilambakkam iko mbali: panda treni ya mji hadi Tambaram au Vandalur, kisha basi. Ya Andhra Pradesh huondokea Madhavaram, kaskazini. Ya njia ya pwani, Mahabalipuram na Puducherry, yanafuata East Coast Road. Kwa basi lolote uliza jina la kituo cha kuondokea kabla ya kuuliza nauli.

Mahabalipuram iko karibu kilomita 60, na inatosha kwa siku moja. Nenda asubuhi. Mgeni hulipa rupia 600, na tiketi hiyo moja inaingiza kwenye hekalu la ufukweni na yale matano yaliyochongwa katika jiwe zima, kwa hiyo usiitupe baada ya lango la kwanza.

Mjini penyewe, mahekalu hufunga tangu adhuhuri hadi saa 10 alasiri, na jumba la makumbusho la Egmore halifunguliwi Ijumaa. Anayetafuta swala ya Ijumaa aende Triplicane, msikiti mkubwa wa Wallajah, wa mwaka 1795. Marina tembea, kula mahindi ya kuchoma, ila usiogelee: mkondo wa chini huvuta, na kuogelea kumepigwa marufuku.

Siku ya kurudi

Ndege nyingi za Ghuba huondoka usiku wa manane, baada ya metro kufunga. Ama upande metro ya mwisho ukasubiri uwanjani, ama uite gari mapema. Mlangoni askari hukagua tiketi na pasipoti kabla ya kukuruhusu kuingia ndani ya jengo, na simu iliyozima chaji haikubaliki kama tiketi. Chapisha karatasi. Msindikizaji asiyesafiri haingii, kwa hiyo kama mgonjwa anahitaji kiti cha magurudumu, kiombe kwa shirika la ndege siku 2 kabla, na ukumbushe tena ukifika mlangoni.